Mwaka wa Onazi katika Sanaa ya Studio: Mwongozo Kamili, Kuanzia Pendekezo hadi Kushusha Maonyesho

Katika mwaka wa onazi (honours), yaani mwaka wa mradi mkubwa wa kujitegemea katika masomo ya shahada, chuo hukupa studio, msimamizi na ukuta, kisha hukuacha ufanye kazi. Hakuna tena mwalimu wa kukupa zoezi Jumatatu na kulisahihisha Ijumaa. Swali unalitunga mwenyewe, ratiba unaipanga mwenyewe, na mwisho wa yote unasimamisha maonyesho, unawasilisha tasnifu fupi, na watahini wanaingia chumbani kutazama. Usiuchanganye na shahada ya heshima wanayotunukiwa watu mashuhuri. Huu ni mwaka wa kazi ngumu.

Kuna nchi, Australia ikiwa mojawapo, ambako mwaka huu huombwa upya baada ya shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Katika vyuo vingi vya Marekani umo ndani ya mwaka wa mwisho wa shahada yenyewe. Majina na kanuni hutofautiana, ila mzigo ni uleule: kundi moja la kazi zinazoshikana, na maandishi ya kuzieleza.

Mimi niliupitia, na tangu hapo nimekaa katika vikao vingi vya wanafunzi walionifuata. Wengi walioumia hawakuumia kwa kukosa kipaji. Waliumia kwa kungoja. Walingoja wamalize kusoma, wakangoja wazo likomae, wakangoja vifaa vifike, hadi nusu ya mwaka ikapita kuta za studio zikiwa tupu. Kwa hiyo utaona katika kila hatua hapa chini narudia jambo lilelile: mkono utangulie, maandishi yaufuate.

Hatua ya 1: Soma karatasi za chuo kabla ya kushika brashi

Wiki ya kwanza kabisa, tafuta mwongozo wa kozi na jedwali la alama. Andika kwenye karatasi moja, uibandike ukutani: kazi za studio zina asilimia ngapi ya alama, tasnifu ina ngapi, tasnifu iwe na maneno mangapi, nani atatahini, na kama kuna utetezi wa mdomo. Angalia pia kama mradi wako unagusa watu. Ukitaka kuwapiga picha wagonjwa, kuwahoji wazee au kuwatumia watoto, utahitaji idhini ya kamati ya maadili, na idhini hiyo inaweza kuchukua miezi. Anayegundua hilo katikati ya mwaka hulazimika kubadili mradi mzima.

Hatua ya 2: Geuza mada iwe swali ambalo mkono unaweza kulijibu

Hapa ndipo mwaka unapopatikana au unapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi huingia na mada. "Kumbukumbu." "Utambulisho." "Mazingira." Mada ni kama jina la mji: linakuambia uko upande gani wa ramani, halikuambii upite barabara ipi. Ukiwa na mada tu, kila kitu kinaingia na hakuna kinachotoka, na msimamizi hana pa kukushika.

Mimi niliingia na mada ya kumbukumbu. Nilikuwa na mashuka makuukuu ya bibi yangu mzaa mama, yaliyofuliwa mpaka yamekuwa mepesi kama ngozi ya kitunguu, na nilitaka "kufanya kitu kuhusu yeye". Wiki tano nilisoma nadharia za kumbukumbu nikajaza madaftari mawili. Msimamizi wangu aliyafunga akaniuliza: "Shuka lenyewe umelifanya nini?" Sikuwa nimelifanya chochote. Jioni ile nilifunga misumari yenye kutu ndani ya kipande kimoja, nikakilowesha kwa siki na maji, nikakiacha. Baada ya siku mbili nilikifungua nikakuta alama za hudhurungi, nzito katikati na zikififia pembeni. Swali langu lilitoka pale: je, kitambaa kilichochakaa kinaweza kubeba mchoro unaofifia bila kupotea, na ni kufua mara ngapi kunakotenganisha kufifia na kupotea?

Swali hilo lina kitu (kitambaa), tendo (kuchora kwa kutu, kufua) na kipimo (mara ngapi). Bibi bado yumo ndani, lakini sasa nina la kufanya kesho asubuhi. Pima swali lako kwa njia hiyo. Liandike kwa sentensi moja, kisha jiulize: kesho nitaanza na nini? Jibu likiwa "nitasoma zaidi", swali bado ni mada.

Ukikwama, anza na vitu badala ya mawazo. El Anatsui, mchongaji kutoka Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfuko ulikaa studioni kwa muda kabla hajajua la kuufanyia. Baadaye alivibapa vifuniko na kuviunga kwa waya wa shaba, vikawa mapazia makubwa yanayoning'inia leo katika makumbusho duniani kote. Biashara, pombe na historia ya utumwa viliingia katika kazi zile kupitia kifuniko chenyewe.

Pendekezo la mradi, ambalo vyuo vingi hulitaka katika wiki za mwanzo, liandike baada ya majaribio kumi au kumi na mawili madogo. Liwe na swali, wasanii watatu au wanne ambao kazi yako ina undugu nao, vifaa na njia utakazotumia, ratiba na bajeti. Weka picha za majaribio. Pendekezo lenye picha za kazi iliyokwisha kuanza husomwa kwa macho tofauti na lile la ahadi tupu.

Hatua ya 3: Hesabu mwaka kutoka mwisho kurudi mwanzo

Chukua tarehe ya kufungua maonyesho, rudi nyuma. Wiki mbili kabla yake, kazi zote ziwe zimekamilika na kupigwa picha. Wiki nne kabla, fremu, viweko na viunzi viwe tayari. Wiki nane kabla, rasimu nzima ya tasnifu iwe mikononi mwa msimamizi. Katikati ya mwaka, fanya maonyesho ya majaribio katika chumba chochote kitupu utakachopewa, hata kwa siku moja.

Kisha ongeza muda wa vifaa vyenyewe, ambao hauna huruma na mtu.

Rangi ya mafuta haikauki kama rangi ya maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, taratibu, na tabaka nene linaweza kuwa bichi kwa miezi. Hudhurungi ya amba (umber) hukauka upesi. Nyeupe ya titani na nyekundu nyingi huchelewa. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litakauka kwanza na kupasuka. Vanishi ya mwisho kwa desturi hungojewa miezi sita au zaidi, kwa hiyo usiiweke kabisa kwenye ratiba ya mwaka huu.

Udongo wa mfinyanzi husinyaa, kwa aina nyingi asilimia 10 hivi kutoka ubichi hadi kuchomwa mara ya mwisho. Chombo ulichokipima kikae juu ya kiweko fulani kitatoka tanurini kidogo kuliko ulivyotaka. Kikichomwa kikiwa na unyevu, kitapasuka. Uchomaji wa kwanza hufika nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi. Wa pili, wenye glezi (ganda linalong'aa kama kioo), kwa udongo mgumu (stoneware) hupita 1,200. Ukihesabu na kupoa, kila uchomaji huchukua siku mbili au zaidi, na mwishoni mwa mwaka foleni ya tanuri ni ndefu. Mfinyanzi anayejali nafsi yake hufunga uchomaji wa mwisho wiki sita kabla ya maonyesho.

Video nayo ina muda wake. Kuhariri na kusawazisha sauti huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha zenyewe, na faili ijaribiwe kwenye projekta ileile itakayotumika ukumbini.

Hatua ya 4: Tengeneza mengi, madogo, mapema

Katika miezi mitatu ya kwanza sahau kazi kubwa. Fanya vipande vidogo, kila kimoja kikijibu swali moja dogo. Mimi nilikata mashuka vipande vya sentimita 30 kwa 30: kimoja kimefuliwa mara moja, kingine mara kumi, kingine mara thelathini. Vilipofika hamsini nilivipanga ukutani, na ukuta ukanifundisha kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka ule. Niliona kwamba vile vilivyofuliwa mara kumi na tano hivi ndivyo vilivyokuwa vikipumua. Vya chini ya hapo vilipiga kelele, vya juu ya hapo vilinyamaza.

Nyuma ya kila kipande andika tarehe, kifaa na ulichokifanya. Mchoraji Josef Albers, aliyechora miraba ndani ya miraba kuanzia 1950 hadi alipofariki 1976, alikuwa akiandika nyuma ya mbao zake majina ya rangi alizotumia na viwanda vilivyozitengeneza. Miaka imepita, na bado mtu anaweza kugeuza ubao na kujua kilichofanyika. Wewe utahitaji habari hiyo baada ya miezi minne tu, utakapoketi kuandika.

Jiwekee kanuni inayobana. Msanii wa Kijapani On Kawara alianza michoro yake ya tarehe, kila mmoja ukiwa na tarehe ya siku uliyochorwa, mnamo 4 Januari 1966, na mchoro usiokamilika kabla ya usiku wa manane aliuharibu. Alifanya karibu 3,000. Huna haja ya ukali huo, lakini kanuni moja ya wazi, kama ukubwa mmoja, rangi mbili tu, au saa mbili kwa kila kipande, hukuondolea maamuzi mia ya kila siku na kukuachia lile moja la maana.

Jaribu pia udumu wa kifaa. Kutu hula nyuzi za pamba. Nilijua hilo kwa kusoma, sikulijua kwa mkono, na mashuka yangu mawili makubwa yalichanika siku ya kuyatundika mbele ya msimamizi. Tangu siku hiyo nilisuuza kila kipande kwa maji yenye magadi ili kupunguza makali ya siki, na nikashona kitambaa kipya nyuma cha kubeba uzito. Wachongaji wanaotumia mpira wa maji (lateksi) wakumbuke kazi za mchongaji Eva Hesse, aliyefariki 1970: mpira ule umebadilika rangi na kuwa mgumu wa kumeguka. Ukitumia kifaa kinachokufa, kitumie ukijua, na uliandike katika tasnifu kuwa ni uamuzi.

Usalama, ambao haumngoji mtu

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa hujipasha joto na vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viweke ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kifuniko. Tapentaini itumike dirisha likiwa wazi. Vumbi la udongo mkavu na la glezi lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Asidi huongezwa kwenye maji. Kamwe maji yasiongezwe kwenye asidi.

Hatua ya 5: Mtumie msimamizi vizuri

Siku moja kabla ya kila kikao, mpelekee picha tano na swali moja. Moja tu. "Mwalimu, naomba unitazamie pindo za vipande hivi: zikatwe au ziachwe na nyuzi?" Swali la namna hiyo humfanya aingie studioni akiwa tayari anatazama. Ukimkaribisha kwa "unaonaje?", mtazunguka saa nzima.

Baada ya kikao, siku hiyohiyo, andika mistari mitano: mlichokubaliana, usichokubaliana nacho, utakachofanya kabla ya kikao kijacho. Mtumie. Miezi kadhaa baadaye mistari hiyo inakuwa kumbukumbu ya mradi, na ikiwa kuna kutoelewana, iko kwa maandishi. Usikubali kila kitu pia. Msimamizi mzuri hufurahi ukimrudia na kipande kinachoonyesha kwamba ushauri wake ulikuwa na kasoro.

Na usimkwepe ukiwa huna kazi ya kuonyesha. Wiki tupu ndiyo wiki ya kumwona.

Hatua ya 6: Vikao vya uhakiki

Tundika kazi, kisha nyamaza kwa dakika kumi. Waache wenzako waseme wanachokiona kabla hujawaambia ulichokusudia, maana ukishaeleza, hawaoni tena kazi, wanaona maelezo yako. Omba ruhusa urekodi sauti, kwa sababu mtu akihojiwa kuhusu kazi yake husikia nusu.

Ukisikiliza rekodi, tenganisha maneno ya aina mbili. "Jicho langu linakwenda kwenye kona ile kila mara" ni habari, ichukue. "Mimi ningeweka rangi nyekundu" ni kazi ya mwingine, mshukuru. Kisha usibadili chochote kwa siku mbili. Nimeona kazi nzuri ikipakwa rangi juu usiku uleule wa kikao, na haikurudi tena.

Hatua ya 7: Andika tasnifu kutoka kwenye daftari

Tasnifu ya mwaka huu katika vyuo vingi ni ya maneno elfu chache, hata kumi, kutegemea uzito wa studio. Wasanii huiogopa kwa sababu wanaianza na nadharia. Anza na daftari.

Kila siku ukitoka studioni andika dakika kumi: nimefanya nini, nini kimenishangaza, kesho nini. Ukifanya hivyo siku nne kwa wiki, kufikia katikati ya mwaka utakuwa na maelfu ya maneno ya kweli, yenye tarehe. Hizo ndizo nyama za tasnifu.

Kisha chagua kazi moja uieleze kwa maneno 300 bila kutaja maana yake. Ukubwa, rangi, uzito, ilivyoguswa, mwanga unavyoipiga. Zoezi hili ni gumu, na ndilo linalofundisha kuandika kuhusu sanaa. Ukimaliza, sentensi zako za nadharia zitapata mahali pa kukaa, kwa kuwa kuna kitu cha kuzishikilia.

Mpangilio unaofanya kazi mara nyingi ni huu: swali na lilikotoka, wasanii ndugu na unapotofautiana nao, ulichofanya na kilichotokea, na kazi zilizo ukumbini zinajibu nini. Sehemu ya tatu iwe ndefu kuliko zote. Unapoandika kuhusu msanii mwingine, usimsifu tu. Sema alichokitatua ambacho wewe pia unahangaika nacho. Aliyekuwa anafinyanga kwa mkono katika darasa letu aliandika kurasa tatu kuhusu jinsi mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, anavyojenga vyungu kwa mikono na kuvisugua ving'ae bila glezi, na katika kurasa hizo tatu tukaelewa kwa nini mwenzetu huyo aliviacha vyungu vyake na alama za vidole.

Marejeleo yaandike siku unaposoma, na picha za tasnifu zipewe namba mapema. Weka nakala ya akiba mahali pawili tofauti na kompyuta yako.

Hatua ya 8: Piga picha za kazi

Kamera iwe kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi katikati ya kazi na sambamba nayo. Taa mbili za aina moja, kila moja upande wake kwa pembe ya nyuzi 45, taa nyingine zote zizimwe. Kazi ya karatasi ipigwe kabla ya kuwekwa kwenye fremu yenye kioo. Sanamu na vitambaa vinahitaji taa moja yenye nguvu zaidi upande mmoja ili umbo lionekane. Piga pia picha za karibu, na za chumba kizima kukiwa na mtu amesimama, ili kipimo kieleweke.

Hatua ya 9: Simamisha maonyesho

Kwanza, ondoa. Peleka kazi zote, utundike theluthi mbili. Mimi nilikuwa na mashuka tisa makubwa na nilionyesha matano, na vipande vidogo kumi na viwili kati ya zaidi ya mia. Kila nilipoondoa kimoja, vilivyobaki viliongea kwa sauti zaidi.

Kwa kazi za ukutani, katikati ya kazi iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Hesabu ya msumari ni hii: 145, ongeza nusu ya urefu wa kazi, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya ukiwa umevutwa. Kazi yenye urefu wa sentimita 80 ambayo waya wake uko sentimita 6 chini ya ukingo, msumari unapigwa kwenye 179. Tumia tepu na pima maji. Jicho lililochoka la saa nne usiku halifai.

Taa ziwekwe mwisho, na usiziache kwa fundi peke yake. Simama anaposimama mtazamaji. Lebo ziwe ndogo, za namna moja, zenye jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Kisha ingia chumbani kama mtahini: fungua mlango, usimame. Jicho linakwenda wapi kwanza? Mwili unageukia wapi? Kama kazi ya kwanza kuonekana si ile inayofungua swali, hamisha.

Hatua ya 10: Siku ya watahini

Kama kuna utetezi wa mdomo, jiandae kwa maswali matatu: kwa nini kifaa hiki, nini kilishindikana, ungeendelea vipi. La pili ndilo wanafunzi hulikwepa, na ndilo watahini hulipenda. Niliwaonyesha shuka lililochanika, nililokuwa nimelikunja kwenye kiti. Tulizungumza juu yake kuliko lolote lililokuwa ukutani.

Hatua ya 11: Shusha kwa utaratibu

Weka siku nzima ya kushusha. Ng'oa misumari, ziba matundu kwa puti, sugua kwa msasa, paka ukuta rangi mara mbili. Mchoro wa mafuta ambao bado mbichi usifungwe na plastiki inayogusa uso. Weka vipande vya kadibodi kwenye pembe nne, ndipo uufunge juu yake. Vitambaa vizungushwe kwenye bomba pana pamoja na karatasi isiyo na asidi, upande wenye mchoro ukitazama nje. Andika juu ya kila furushi kilichomo, na lile boksi la majaribio madogo lipakie mwisho, karibu na mlango, kwa sababu ndilo utakalolifungua kwanza.